Chai kwa Bi Garrowby

Mvua iliwafungia garini tangu asubuhi, na Thelma Aspinall alikuwa ameitazama ile ngome kupitia kioo cha mbele mpaka hamu yote ikamwisha. Ngome yenyewe ilikuwa kuta mbili tatu na kunguru. Ndiyo likizo hiyo, wiki nzima katika vilima vya Shropshire, na yeye na mumewe Roland walikuwa wakiila kama watu wa kwao wanavyokula likizo: wameegesha gari mkabala na kitu cha kale, waipa zinafanya kazi, wanatafuna sandwichi za mayai na kunywa chai ya chupa, na kila baada ya muda mmoja wao anasema kule magharibi kama kunaanza kutakata. Magari mengine yalikuwa yamejipanga kando yao, na ndani ya kila moja watu wawili wanatafuna na kuwatazama kunguru walewale. Hakuna aliyeona ajabu.

Thelma akauliza wangoje mvua ikatike au waende zao.

"Lolote, mpenzi," Roland akasema. "Unavyoona wewe."

Jibu hilo lilikuwa limemkaa Thelma kooni kwa zaidi ya mwaka. Roland hakuzaliwa mpole, msije mkadhani. Alikuwa na duka la rangi Stockport, na mji mzima ulimjua kwa mdomo wake. Alibishana na mtabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni. Aliiandama halmashauri kwa ajili ya shimo moja la barabarani mpaka wakalifukia kwa kuchoka naye. Kisha moyo ukamgomea, wakampasua kifua, wakakarabati walichokarabati, na mtu aliyerudi nyumbani hakuwa yule aliyetoka. Huyu anashukuru kwa uji. Huyu anatazama mpira bila kumtukana mwamuzi. Majirani wakawa wanampa Thelma hongera, eti sasa ana mume mtulivu, naye anatabasamu, anasema ndiyo kwa kweli, halafu anaingia stoo ya jikoni na kulia. Alimwoa mtu wa kelele kwa kutaka mwenyewe, nao wamemrudishia mgeni.

Hapana, nimekosea, aliolewa naye. Lakini waliomjua Thelma ujanani watakwambia aliyeposa hasa ni nani.

Juu ya hayo kulikuwa na suala la fleti. Nicola, binti yao wa pekee, tangu Pasaka alikuwa amewakalia kooni kuhusu fleti fulani huko Swindon, mtaa wa pili tu kutoka kwake: ina lifti, ina kengele ya dharura ukutani, na majirani wote ni watu wa umri wao. Wakaenda kuiona. Thelma, kwa adabu, akasema pazuri. Roland akasema pazuri sana. Nicola akasema haya basi, na tangu hapo mambo yakaanza kujiendea yenyewe. Nyumba yao ya Stockport imekwisha pata mnunuzi, na leo hii, Jumapili jioni, Thelma anatakiwa ampigie Nicola simu na kusema ndiyo, ili kesho asubuhi mikataba itiwe saini.

Na Thelma hataki. Hataki kabisa, hataki hata kuisikia hiyo lifti. Lakini utamfanyaje mtu aliyetoka mlangoni pa kifo, naye mwenyewe amesema pazuri sana? Umnyime, kwa sababu wewe unapenda dirisha la jikoni lako? Basi alikuwa amejikaza. Atasema ndiyo, na atasema kwa sauti ya furaha, halafu atajua pa kwenda kulia.

Mvua ilipokatika wakateremka hadi kijiji cha Wistanbury. Wakaingia kanisani kwanza, maana hakuna likizo huku bila kuingia kanisa baridi na kusema dari lake ni zuri. Mlangoni palibandikwa tangazo kwamba leo wanakijiji wamefungua bustani zao kwa ajili ya kuchangia paa la kanisa. Mgeni ataingia popote atakapoona maputo getini, na ataandaliwa chai na keki. Thelma akachangamka. Hakuna kitu anachokipenda kama kuchungulia bustani ya mtu mwingine kwa ruhusa. Akamwuliza Roland kama angependa, na Roland akajibu, unavyoona wewe.

Bustani ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyewaeleza vita vyake na konokono mpaka miguu ikawauma. Ya pili ilikuwa ya mawaridi, na ilikuwa nzuri, ila chai ilikuwa imekwisha. Ndipo Thelma akaona, juu kabisa mwishoni mwa njia, nyumba kubwa ya mawe na rundo la maputo ya manjano kwenye geti lake. Wakapanda polepole, Roland akipumua na Thelma akijifanya hasikii anavyopumua.

Niwaambie mapema: maputo yale hayakuwa na habari na paa la kanisa. Nyumba ile ilikuwa ya Bi Lettice Garrowby, aliyekuwa akitimiza miaka tisini siku hiyo, na waliokuwa wamejaa kwenye majani mbele ya nyumba ni wanawe, wajukuu, na ukoo wa pande zote. Thelma na Roland wangeingia kwangu hivyo, au kwako, tungewauliza papo hapo: nyinyi ni wa nani? Huku haiwezekani. Mtu akishakanyaga majani yako na kusema maua haya yamependeza, huna tena pa kuanzia kumwuliza jina.

Akawapokea mwanamume wa makamo mwenye kofia ya ukindu, Hugh, mtoto mkubwa wa bibi. Akawauliza kama wametoka mbali. Thelma akasema Stockport. Hugh akauliza barabara ilikuwaje, Roland akasema si mbaya, na kwa kuwa barabara ilikuwa si mbaya, mambo yote yakawa yamekwisha. Hugh akawadhania ni watu wa upande wa mkewe. Mkewe akawadhania ni marafiki wa marehemu baba mkwe. Shangazi mmoja hata akamkumbatia Thelma na kumwambia hajazeeka hata kidogo, na Thelma akasema wala wewe. Wakapewa viti, wakapewa chai kwenye vikombe vyembamba, na skonzi zilizojaa jemu na krimu. Thelma akamnong'oneza mumewe kwamba hawa watu wa kijiji hiki wanajitolea kweli, hebu ona meza ilivyopangwa. Roland akasema kweli.

Bi Garrowby mwenyewe alikuwa mfupi, amekonda, na fimbo yake ilikuwa ya kunyooshea watu zaidi kuliko ya kutembelea. Chai ilipokwisha akatangaza kwamba anataka kucheza kroketi. Vitao vya chuma vilikuwa vimekwisha chomekwa kwenye majani, mipira ya mbao imepangwa, na nyundo za mbao zenye mipini mirefu zimeegemezwa ukutani. Kilichotokea hapo Thelma hakukielewa mpaka baadaye. Ukoo mzima ukapata kazi. Huyu akakumbuka vyombo, huyu akakumbuka mbwa, huyu mgongo ukamshika ghafla, na kufumba na kufumbua viti vikawa vitupu.

Bibi akamnyooshea Roland fimbo. Akamwuliza kama mikono yake ni mizima.

"Mizima," Roland akasema.

"Basi simama. Wewe utachukua mpira mweusi. Mimi huchukua wa bluu, sibadilishi."

Thelma akainuka nusu. Alitaka kusema kuhusu moyo, kuhusu daktari aliyekataza kuhemka, lakini bibi alikwisha mtia mumewe nyundo mkononi, na Roland anaipokea kwa upole uleule anaopokelea uji. Thelma akaketi tena, roho juu juu.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza: unapiga mpira wako upite kwenye kitao, halafu kinachofuata, mpaka uvimalize vyote, na mpira unapigwa pale ulipolala. Pale ulipolala, hapo ndipo penye kisa. Mpira wa bluu ulilala vibaya, nyuma kidogo ya kitao cha pili. Bi Garrowby akaenda kuukagua, sketi yake ndefu ikaufunika, na alipoondoka mpira ulikuwa umelala vizuri. Roland akaona. Akapiga mpira wake tu. Kwenye kitao cha tatu ikawa hivyohivyo, na Thelma, akiwa kitini kwake, akaona masikio ya mumewe yanaanza kuwa mekundu. Aliyajua masikio yale. Alikuwa hajayaona tangu kabla ya hospitali.

Kitao cha nne, sketi ikapita, mpira ukahama.

"Bibi," Roland akasema, "mpira huo umeusukuma kwa kiatu."

Mtu mmoja dirishani mwa jikoni akaangusha sahani. Hugh, aliyekuwa akipita na birika, akasimama kama aliyepigwa na shoti. Nyumba nzima ilijua kuhusu kile kiatu, wajukuu walikua wakikijua, na hakuna aliyewahi kukitaja.

"Ni upepo," akasema Bi Garrowby.

"Upepo gani wenye kisigino?"

"Unaniita mwizi? Kwenye majani yangu mwenyewe?"

"Nakuita mwizi popote utakapopenda niseme. Tukienda barabarani nitasema barabarani. Rudisha mpira."

Sauti ilikuwa imepanda, ile sauti ya duka la rangi, iliyokuwa ikisikika mpaka kwa muuza samaki mtaa wa nyuma. Thelma alipaswa kuona aibu afe. Mumewe anamgombeza kikongwe wa watu, kwenye bustani ya watu, mbele ya keki! Badala yake alijikuta ameshika skonzi kwa mikono miwili na machozi yanamtoka, anaomba moyoni, endelea, Roland, usinyamaze, mwambie na habari ya kitao cha pili. Na Roland akamwambia na habari ya kitao cha pili.

Bi Garrowby akainama, taratibu, akaurudisha mpira wa bluu mahali pake pabaya, na alipoinuka uso wake ulikuwa umenawiri. Akasema tangu azike mume wake hakuna mtu aliyemgombeza, wote wanamshika kama yai, na mtu akishikwa kama yai muda mrefu huanza kudhani labda kweli ameoza ndani. Halafu akamshinda Roland mchezo ule kwa haki kabisa, bila kiatu, kwa kitao kimoja. Roland akatupa nyundo. Akasema anataka marudiano.

"Jumanne," akasema bibi. "Uje mapema, na usije na sura hiyo ya mgonjwa uliyoingia nayo."

Ilikuwa katika furaha hiyo Thelma alipomwendea Hugh na mkoba wake wazi, akauliza chai inalipiwa wapi. Hugh akasema, kulipa? Thelma akasema ndiyo, mchango wa paa. Hugh akatazama maputo. Thelma naye akayatazama, na safari hii akaona kwamba yana maandishi, na maandishi yanasema tisini.

Hapo sasa ikaanza kuombana radhi, na wanaojua watu hawa wanajua jambo hilo haliishi haraka. Thelma akaomba radhi kwa kuvamia. Hugh akaomba radhi kwa kutoliandika tangazo la kusema bustani yao imefungwa. Mkewe akaomba radhi kwa sababu skonzi zilikuwa kavu. Shangazi akaomba radhi kwa kumkumbatia mtu asiyemjua, na Thelma akamwomba radhi kwa kukumbatiwa. Aliyekata mambo ni Bi Garrowby, kwa kucheka kitini pake mpaka kofia ikamwendea upande. Akasema waliokaribishwa wamekaa hapa tangu adhuhuri na hakuna hata mmoja aliyemfaa kitu, na kama kuna mtu wa kuondoka basi atafutwe humohumo katika ukoo. Jumanne iko palepale.

Garini Roland hakunyamaza. Alishuka kilima na kupanda kingine akieleza jinsi ambavyo angelicheza kitao cha mwisho, na jinsi uwanja ulivyokuwa umeinama kushoto, na kwamba mtu wa miaka tisini hana haki ya kuwa na mkono imara kiasi kile. Thelma alisikiliza kila neno. Walipofika juu ya mlima, mahali pekee ambapo simu hushika mtandao, Roland akasimamisha gari kando ya ukuta wa mawe. Saa ya kumpigia Nicola ilikuwa imefika. Upande wa pili wa ukuta kondoo walikuwa wakila, na kwa mara ya kwanza siku ile jua lilikuwa likiwaka sawasawa.

Thelma akatoa simu, akaishika mapajani. Akatafuta ile sauti ya furaha aliyoiandaa, asiipate. Akamtazama mumewe. Masikio yalikuwa bado yana wekundu kidogo, na wekundu ule ndio uliompa moyo.

"Roland, mimi sitaki kuhama."

Roland akazima gari.

"Najua wewe unapataka," Thelma akaendelea mbio, kabla ujasiri haujamkimbia. "Najua pana lifti, na moyo wako, na ngazi zetu. Na kama ukisema twende nitakwenda na sitakulaumu. Ila siwezi kusema ndiyo bila ya wewe kujua kwamba sitaki. Sitaki hata kidogo."

"Nani anapataka?" akauliza Roland.

"Wewe. Ulisema pazuri sana."

"Nilisema kwa sababu wewe ulisema pazuri."

"Nilikuwa namridhisha Nicola! Amesimama pale na funguo mkononi, ulitaka niseme panafanana na kliniki ya meno?"

"Panafanana hasa," Roland akasema. "Tena kliniki mbaya."

Wakatazamana. Kisha Roland akageuza uso kwenye kondoo, na kwa sauti ndogo akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Usiku ule wa hospitali alipozinduka alimwona Thelma amelala kwenye kiti cha plastiki, koti mwilini, mdomo wazi, amezeeka. Akajiambia mwanamke huyu nimemchosha vya kutosha, hatasikia tena usumbufu kutoka kwangu. Chochote atakachotaka, nitasema sawa. Na akakishika kiapo chake tangu siku ile, na kilikuwa kimeanza kumuua taratibu, maana kila kitu kilikuwa kinakwenda ovyo na yeye hana ruhusa ya kusema.

"Nani alikutuma?" Thelma akauliza. Akampiga begani kwa mkoba, mara ya pili akampiga kwa nguvu zaidi, halafu akalia palepale begani alipopiga. Roland naye akalia, kwa namna ya wanaume wa huko, yaani akapenga kamasi sana na kulaumu chavua.

Nicola alipokea simu kabla haijalia vizuri. Thelma akamwambia moja kwa moja: wamelizungumza, wamekubaliana, hawahami. Nyumba yao haiuzwi.



"Sawa, Mama," akasema Nicola. "Hakuna shida kabisa. Nyinyi mnavyoona."

Ingekuwa ni asubuhi ile, Thelma angemshukuru Mungu, angeuliza mvua imenyesha kiasi gani Swindon, na simu ingekatwa kwa amani. Lakini sauti ile laini aliijua sasa. Alikuwa amelala nayo kitanda kimoja kwa zaidi ya mwaka, na ndiyo kwanza ametoka kuambiwa ndani yake mlikuwa na nini.

"Nicola, usiniambie tunavyoona sisi," akasema. "Wewe unataka nini?"

Kilio kilichotoka kwenye simu Thelma hakuwa amekisikia tangu Nicola akiwa na meno ya utotoni. Yakatoka yote, kwa vipande: Gareth, mumewe, ameondoka. Ameondoka wiki ya Pasaka, amechukua na mbwa. Hakumwambia mtu kazini, hakumwambia jirani, na wazazi ndio hakutaka kabisa kuwasumbua, na moyo wa Baba ulivyo. Alidhani wakihamia mtaa wa pili hatahitaji kusema kitu, watakuwa wapo tu, atapita jioni atawakuta.

"Sikuitaka fleti, Mama," Nicola akasema. "Nilikuwa nawataka nyinyi."

Thelma hakuweza kumsimulia mumewe, na haikuhitajika, kwa maana simu ile ilikuwa na sauti kubwa na Roland alikuwa ameinama karibu nayo, mkono kifuani. Thelma akamtazama kwa hofu, akauona mkono ukishuka kifuani na kwenda kwenye ufunguo wa gari. Roland hakumwuliza mkewe anaonaje.

"Mwambie aweke birika motoni," akasema, na gari likawaka. "Tunapitia mabegi tulikofikia, halafu tunakuja."